Debe la Kununulia, Debe la Kuuzia: Je, Haki Inahitaji Mungu Ili Iwe Haki?

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni hapa Dodoma, mbele ya mkutano wa vijana, wachungaji na masheikh. Wengi waliokosa waliomba maandishi. Nimeyaweka kama nilivyoyasema.)

Mbukwenyi!

Naona wenyeji wameitikia, wageni wamenyamaza. Basi: Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Na wewe kijana uliyekaa karibu na mlango, uliyeniambia wiki iliyopita kwamba huamini kitu chochote kati ya hivyo, habari za jioni. Swali lako ndilo lililonileta hapa.

Aliniuliza hivi: "Mwalimu, kama Mungu hayupo, kuna jambo ambalo ni baya kweli? Au ni baya tu kwa sababu tumezoea kuliita hivyo?" Kabla sijafungua mdomo mwenzake akadakia: "Bila Mungu hakuna haki wala dhuluma. Kuna mwenye nguvu na asiye na nguvu, basi." Walikuwa wamesimama juani nje ya geti, mmoja ameshika pikipiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatania. Nimelala na swali hilo siku sita.

Niwaambie mapema nimesimama wapi, asiwepo wa kunivizia. Mimi ni Mkristo. Nasali asubuhi na jioni, na siku yangu ikifika nataka nizikwe kwa nyimbo za kanisani. Na ninaamini kwamba ubaya wa dhuluma ni wa kweli, tena ungebaki kuwa wa kweli hata kama mbinguni pangekuwa patupu. Najua maneno hayo yamewachoma baadhi yenu. Nivumilieni, nitawaeleza nilikoyapata.

Nilizaliwa kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, upande wa Kibaigwa, kabla soko kubwa la nafaka mnalolijua leo halijajengwa. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa mahindi. Stoo yetu ilikuwa na madebe mawili. Yote yalikuwa ya mafuta ya taa, ya lita 20, yamekatwa mdomo sawasawa na kupigiliwa ubao wa kushikia. Ukiyatazama kwa mbali ni mapacha. Lakini moja kitako chake kilikuwa kimepigwa nyundo kutoka ndani mpaka kikatuna nje. Lingine lilipigwa kutoka nje mpaka kitako kikaingia ndani. Lile lililotuna ni la kununulia. Lile lililobonyea ni la kuuzia. Na mimi, mtoto wa miaka 10, ndiye niliyetumwa: "Lete la kununulia." "Lete la kuuzia." Sakafu ya stoo ilikuwa ya mchanga, na palikuwa na kishimo kidogo ambapo debe la kununulia lilikalishwa, lisiyumbe, mtu asione.

Siku moja wakati wa mavuno alikuja bibi mmoja kutoka vijiji vya ndani, na wajukuu wawili, magunia juu ya punda. Mahindi yake alikuwa ameyapima nyumbani: madebe sita. Kwetu yakatoka matano na robo. Bibi akasema kwa upole, "Baba, nyumbani yalikuwa sita." Baba yangu akamjibu, "Kipimo ndicho hicho, mama. Mungu ni shahidi."

Yule bibi hakubishana. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya debe tupu. Akapapasa ukingo, akashuka taratibu mpaka kitakoni, akakizungusha kiganja chake mle chini mara moja, mara mbili. Alipoutoa, mkono ulikuwa mweupe kwa vumbi la mahindi. Akaufuta kwenye kaniki yake. Akapokea fedha ya madebe matano na robo, akamshika punda wake, akaondoka.

Ndugu zangu, robo tatu ya debe ni ugali wa nyumba ile kwa karibu wiki nzima.

Mimi nilijua. Nilijua pale pale, nimesimama kando ya kishimo. Sasa nawauliza: nilijulia wapi? Mtasema kanisani. Lakini mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili alikuwa nani? Alikuwa baba yangu, mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba Mungu anachukia vipimo viwili. Alinifundisha Jumapili, Jumatatu akanituma debe.

Na ni kweli Mungu amekataza. Kitabu cha Mithali kimekataza waziwazi. Sura ya 83 ya Qur'an inaanza kwa ole kwa wapunjao, wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia watu hupunguza. Nilipoisoma sura hiyo mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima tayari, niliyaona madebe mawili ya stoo yetu. Lakini tuseme kurasa hizo hazikuandikwa. Tuseme hakuna nabii aliyetumwa. Je, mahindi ya yule bibi yangekuwa yametimia? Je, kile kitako kilichotuna kingekuwa halali?

Swali hili si la leo. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mjini Athens, mwanafalsafa mzee Socrates alikuwa akingoja kesi yake mwenyewe alipokutana na mtu aitwaye Euthyphro. Mwanafunzi wake Plato ndiye aliyetuandikia. Euthyphro alikuwa amekuja kumshitaki baba yake mzazi. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga yule kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, kisha akatuma mtu Athens akawaulize wajuzi wa mambo ya dini nini kifanyike. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi, kamba zikiwa mwilini.

Hebu tulitazame shimo hilo kidogo. Wanafalsafa huwa wanalipita haraka kwenda kwenye hoja. Mtu amefungwa shimoni. Amri iko njiani, inatembea kwa miguu. Je, ubaya wa kumwacha afe na njaa nao uko njiani, unamsubiri mjumbe?

Socrates akamuuliza Euthyphro: jambo takatifu, miungu hulipenda kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa miungu hulipenda? Tulilete Kibaigwa swali hilo. Mungu anachukia kupunja kwa kuwa kupunja ni dhuluma? Au kupunja ni dhuluma kwa kuwa Mungu anachukia kupunja? Ukisema la pili, basi kama Mungu angependa debe lililotuna, lingekuwa haki. Nani hapa yuko tayari kusema hivyo? Sioni mkono. Ukisema la kwanza, umekubali kwamba Mungu alipotazama stoo yetu alikuta dhuluma imekaa pale, akaiona, akaichukia kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Waislamu nao walilijadili jambo hili Basra na Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wanazuoni wa kundi la Mu'tazila walishika kwamba akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwenzao kabla ya kuwaacha, akafundisha kwamba tendo huwa jema au baya kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Sheikh wangu hapa mbele anatabasamu, anajua wanafunzi wao bado wanabishana. Mimi naiheshimu hofu ya al-Ash'ari. Alihofia tusije tukajifanya wa kumpangia Mungu kazi. Hofu hiyo ni ya mcha Mungu, siwezi kuibeza.

Lakini mkumbukeni Ibrahimu. Waislamu wanaye, Wakristo tunaye. Alipoambiwa mji wa Sodoma utaangamizwa, alisimama akajadiliana: kama wamo wenye haki 50, je? Na 45? Akashuka mpaka 10. Akauliza, Mhukumu wa dunia yote hatatenda haki? Na Qur'an katika Sura Hud inasimulia kwamba Ibrahimu alijadiliana kwa ajili ya watu wa Lut, na mara moja inamsifu kuwa mpole na mwenye huruma. Ibrahimu hakukemewa kwa kuuliza. Na swali lake lilikuwa na maana kwa sababu neno "haki" mdomoni mwake lilikuwa limejaa tayari. Kama haki ingekuwa jina lingine tu la chochote Mungu atakachofanya, Ibrahimu angekuwa anauliza: Mungu hatafanya atakachofanya? Hakuna mtu anayetetemeka mbele ya Mungu kuuliza jambo kama hilo.

Sasa nije kwa wewe uliyedakia pale getini, maana hoja yako ina uzito na sitaki kuikwepa. Ulisema kipimo lazima kiwe na asili. Huwezi kusema mstari umepinda kama hakuna ulionyooka. Lazima pawepo Mwema Mkamilifu, ndipo wema wa wengine upimwe kwake.

Nimefikiria sana habari ya vipimo, labda kwa sababu ya malezi yangu. Mnajua kilo ilikuwa wapi? Kuanzia 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Kilo zote zilipimwa kwa hicho. Baada ya kama miaka 100 walipokilinganisha na nakala zake, wakakuta uzito umeachana kwa kiasi cha maikrogramu 50. Kidogo sana, hata chembe ya sukari ni nzito kuliko hapo. Lakini oneni shida waliyoipata: kwa kanuni, kile kipande hakikuweza kukosea. Chenyewe ndicho kilikuwa kilo. Hata kingepungua, ingebidi waseme dunia nzima ndiyo imeongezeka. Ndiyo maana mwaka 2019 wakakiacha, wakaifunga kilo kwenye kanuni ya maumbile yenyewe.

Utaniambia Mungu si kipande cha madini, hapungui. Amina, naamini hivyo. Ninachosema ni kingine. Nendeni Kibaigwa mkawaangalie wabeba mizigo wakipakia lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na bado linapita. Mbeba mizigo hajui Sèvres. Uti wake wa mgongo unajua. Kipimo kinatusaidia kusema uzito, kuulinganisha, kuupeleka mahakamani. Uzito wenyewe uko kwenye gunia na kwenye mgongo. Na ubaya wa debe la baba yangu ulikuwa kwenye tumbo la wale wajukuu wawili.

Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki aliyefariki mwaka 1274, angenijibu vizuri zaidi kuliko kijana wetu. Angesema: Mungu hatazami wema ulio nje yake, wala haubuni kwa amri. Mungu ndiye wema wenyewe. Hili ndilo jibu zito kuliko yote ninayoyajua, na kuna usiku nimekaribia kulikubali. Kinachonizuia ni hiki: tunapouita uhalisi wa Mungu kuwa ni mwema, tunamaanisha nini? Tunamaanisha ana huruma, ni mwaminifu, hapunji. Na huruma ni njema kwa nini? Mkisema kwa sababu ndivyo Mungu alivyo, tumerudi kwa Euthyphro kwa mlango wa uani. Mkisema kila maelezo lazima yaishie mahali, nakubali kabisa. Lakini basi nami niacheni niishie mahali. Mimi nimeishia kwa mtoto mwenye njaa aliyenyimwa chakula chake. Ukiniuliza kwa nini hilo ni baya, sina ngazi nyingine ya kupanda, na sidhani kama naihitaji.

Na wewe wa mlangoni usidhani umepona. Wapo waliosema kama wewe. John Mackie, mwanafalsafa mzaliwa wa Australia, aliandika mwaka 1977 kwamba maadili yenye ukweli wake yenyewe hayapo, maana yangekuwepo yangekuwa vitu vya ajabu kuliko vyote ulimwenguni: ukweli unaokuamuru. Kwake, ubaya tunaouona tunaupaka sisi wenyewe juu ya dunia kama chokaa. Na siku hizi vijana mnaongeza kwamba dhamiri imetokana na mageuzi ya viumbe, kwamba mababu walioshirikiana walibaki hai, basi tukarithi kuona aibu. Inawezekana. Jicho nalo limetokana na mageuzi hayo hayo. Je, ukiutazama mbuyu utasema haupo, kwa sababu jicho lako lina historia? Ajabu ya Mackie mimi naiona kila siku. Ukimwona mtoto anaelekea kisimani, kuona kwenyewe kunakuamuru umkamate. Hakuna chokaa hapo.

Bunge liko mji huu huu. Linaweza kupitisha kodi, likaifuta mwaka unaofuata. Je, linaweza kupitisha kwamba kumpunja mjane ni haki? Linaweza kuandika hivyo. Haliwezi kufanya iwe hivyo. Wazee wetu wa TANU walipoandika ahadi ya kwanza, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, iliapiwa na Mkristo, Mwislamu na yule anayetambika kwenye mizimu ya kwao, na hakuna aliyehitaji kwanza kukubaliana na mwenzake kuhusu mbinguni. Walikubaliana kuhusu aliyekaa mbele yao.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Wagogo hapa mnajua neno Mtunya. Kwa wageni: ni njaa kuu ya Ugogo ya mwaka 1917 mpaka 1920. Mvua zilikosekana, ndiyo. Lakini kabla ya hapo vita vya wakubwa vilipita katikati ya nchi hii. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaiteka Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua. Kila mmoja kwa amri ya kijeshi, kwa karatasi yenye mhuri. Ghala likabaki tupu, mvua ikagoma, watu wakafa njiani wakienda kutafuta chakula. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa njiani namna hiyo, na hakuwahi kulijua kaburi la mama yake.

Aliyesaini karatasi ile hakuhukumiwa. Alizeeka, akafa kitandani kwake, huenda na wajukuu wamemzunguka. Nani aliwalipa wafu wa Mtunya? Hakuna. Nani atawalipa? Hapa, vijana wangu, ndipo mimi ninaposhindwa kuishi bila Mungu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mtu aliyesimama imara kwamba wajibu unajulikana kwa akili bila kungoja amri kutoka juu, alifika hapa hapa mwaka 1788. Akaona wema na furaha havikutani katika dunia hii, akasema ni lazima tutumaini yupo wa kuvikutanisha. Namwelewa. Nikipita kwenye tambarare zile kati ya hapa na Manyoni wakati wa kiangazi, namhitaji Hakimu.

Lakini angalieni ninamhitaji kwa ajili ya nini. Namhitaji alipe deni, adai deni, awafufue waliodhulumiwa awafute machozi. Simhitaji ili deni liwe deni. Waliokufa kwa Mtunya walidhulumiwa siku ile ile karatasi iliposainiwa. Kama hakuna atakayefufuliwa, basi dhuluma ile itabaki dhuluma isiyolipwa milele, na hilo ni jambo la kutisha. Ninyi msioamini, lichukueni jambo hilo kwa uzito wake, msilipunguze ili mlale usingizi. Na sisi tunaoamini, tusije tukamtaja Mungu kama baba yangu alivyomtaja pale kwenye kishimo. Jina la Mungu lilitumika kuziba mdomo wa aliyepunjwa. Nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi tangu hapo, na wazungumzaji huwa wamevaa vizuri.

Nimalizie habari ya yule bibi, maana kuna aliyeniuliza wakati wa chai.

Baba alifariki nikiwa na umri wa miaka 41. Nilipokuwa nasafisha stoo nilikuta debe la kununulia, limeshika kutu, bado limekaa kwenye kishimo chake. Nilikaa nalo muda. Kisha nikauliza majirani, nikaelekezwa kijiji, nikapakia mahindi kwenye baiskeli, gunia moja. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta mjukuu wake, mmoja wa wale wawili, mwanamke mzima sasa, anapepeta uwele uani. Nikamweleza yote bila kuficha: vitako, kishimo, maneno ya baba.

Alisikiliza akiwa ameshika ungo. Kisha akaniuliza, "Nani amekutuma? Mchungaji?"

Nikamwambia sikutumwa.

Akanitazama kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na debe lake mwenyewe. Akaligeuza mdomo chini, akakigonga kitako kwa vidole, akaniashiria nije nikipapase. Kilikuwa tambarare. Ndipo akaligeuza tena, akaliweka katikati yetu, tukaanza kupima.